Kuondoa Matone ya Rangi Yaliyokauka kwa Mvuke

Sikukuu zikikaribia, nyumba nyingi hupakwa rangi. Fundi akishaondoka na ndoo zake, mwenye nyumba huinama na kuona yaliyobaki: matone meupe kwenye vigae, michirizi kwenye kioo cha dirisha, madoadoa ukingoni mwa sinki. Wengi hukimbilia msasa au petroli. Msasa huacha mikwaruzo isiyofutika, na petroli hushika moto kwa cheche moja tu. Kijitabu hiki kinaeleza jinsi ya kutumia mvuke wa maji, na mahali ambapo usiutumie.

Mvuke hufanya nini

Rangi ya maji, ile ya kuta za ndani, hushikamana kwa gundi ya jamii ya plastiki. Gundi hiyo ikipata joto na unyevu hulegea, lakini ikipoa huwa ngumu tena. Kwa hiyo kazi hii ni ya tone moja moja. Usipashe sakafu nzima ndipo uanze kukwangua.

Rangi ya mafuta, ya milango na mageti, hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewani. Ikishakomaa, mvuke huigusa kidogo tu.

Kuzitofautisha, chovya pamba kwenye spiriti, mbali na moto, kisha sugua tone. Pamba ikichukua rangi, hiyo ni rangi ya maji. Ikitoka safi, huenda ni ya mafuta.

Kagua kilicho chini ya tone

- Vigae vinavyong'aa, sinki la chuma, fremu za alumini: mvuke unafaa.
- Kioo: anza kwa mbali, upashe taratibu. Joto la ghafla hupasua kioo baridi.
- Mbao zenye vanishi na samani za mbao za kubandika: usitumie. Vanishi huweka mabaka meupe na tabaka la juu hubanduka.
- Bodi za jipsamu na plastiki laini: usitumie.
- Sakafu ya saruji tupu: rangi huzama kwenye vinyweleo; mvuke utatoa ya juu tu.
- Soketi na swichi: usizielekezee mvuke kamwe.

Nyumba ya zamani? Fikiria risasi

Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa leo ni sehemu 90 kwa kila milioni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio huumia zaidi, hasa ubongo. Ukishuku rangi ya zamani, usikwangue pakavu wala kupiga msasa. Waondoe watoto, loanisha, okota kila gamba, kisha deki kwa kitambaa chenye maji. Usifagie.

Hatua kwa hatua

1. Ondoa mchanga kwanza. Punje moja chini ya kitambaa hukwaruza kigae.
2. Vaa glavu nene na viatu vilivyofunika vidole.
3. Kama una mashine ya mvuke, ishike karibu na tone bila kuligusa, kwa sekunde 10 hadi 20. Kama huna, kunja taulo la pamba, lifunike juu ya tone la sakafuni, limwagie maji yaliyochemka polepole, usubiri dakika tano. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za Mombasa au Dar es Salaam, kwa hiyo huko juu huenda ukahitaji kurudia.
4. Tazama ukingo wa tone. Ukianza kukunjamana kama malai juu ya maziwa yaliyochemshwa, liko tayari. Ingiza kadi ngumu ya plastiki, ukiilaza, usukume kuelekea katikati. Tone likikatikakatika, usiongeze nguvu, ongeza mvuke.
5. Futa papo hapo. Mabaki kwenye viungo vya vigae yasugue kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni.

Ukiungua

Mvuke ukigusa ngozi hugeuka maji na kuachia joto jingi kwa mara moja. Ndiyo maana huunguza vibaya kuliko maji ya moto. Vua pete na bangili haraka. Weka sehemu iliyoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, asali, mafuta wala unga. Mtoto akiungua, au ikiwa ni uso, mikono au kuna malengelenge, nenda kituo cha afya.

Kabla fundi hajaanza

Tandika magazeti au maturubai sakafuni, na mpe fundi kitambaa chenye maji. Tone bichi la rangi ya maji hufutika kwa maji baridi tu.