Nyota iliyoyumba na adabu ya kuthibitisha habari

Baada ya darsa la Isha msikitini kwetu, kijana mmoja aliuliza kama ni kweli kwamba nyota nyingine nazo zina sayari zinazozizunguka, kama jua letu. Kabla ustadhi hajajibu, mzee mmoja akadakia: “Nani aliyekwenda huko akaziona?” Watu wakacheka, na swali likafa.

Mimi lilinikera, kwa sababu jioni ile ile ustadhi alikuwa ametukumbusha hoja ya yule bedui: nyayo jangwani ni dalili kwamba kuna mtu aliyepita, hata kama hukumwona. Sote tuliitikia. Sasa ndugu msomaji, tutaikubaliaje dalili katika itikadi, kisha tuicheke katika elimu ya falaki?

Kisa chenyewe ni hiki. Katika kundi la nyota ambalo Waarabu waliliita Farasi Mkubwa, karibu na nyota iitwayo Markab, jina la Kiarabu linalotumika duniani hadi leo, ipo nyota hafifu iitwayo 51 Pegasi. Inafanana sana na jua letu. Nuru yake hutufikia baada ya miaka ipatayo 50.

Mwaka 1995 wanafalaki wawili wa Chuo Kikuu cha Geneva, Michel Mayor na Didier Queloz, waliichunguza kwa darubini ya Haute-Provence, Ufaransa. Waliona kuwa nyota hiyo inayumba: inatujia kidogo, kisha inarudi nyuma, kwa mwendo usiofika mita 60 kwa sekunde. Walijuaje? Sikiliza king'ora cha gari la wagonjwa. Likikujia, sauti huwa nyembamba. Likishakupita, huwa nzito. Nuru nayo ina tabia hiyo. Nyota ikitujia, nuru yake huelekea kidogo kwenye buluu. Ikirudi nyuma, huelekea kwenye nyekundu.

Kuyumba huko kulijirudia kila baada ya siku nne na saa chache. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kinachoizunguka na kuivuta. Hesabu zikaonyesha sayari kubwa, yenye uzito usiopungua sana nusu ya Mshtarii, yaani kama dunia yetu mara 150. Ajabu ni kwamba iko karibu mno na nyota yake. Utaridi, iliyo karibu zaidi na jua letu, humaliza mzunguko kwa siku 88. Hii humaliza kwa siku nne tu. Hakuna aliyeiona kwa macho. Walisoma nyayo zake.

Lakini somo kubwa kwangu ni yaliyofuata. Wenzao wa Marekani, Geoffrey Marcy na Paul Butler, hawakuishia kusifu wala kupinga. Walielekeza darubini yao kwenye nyota hiyo, na baada ya muda mfupi wakathibitisha. Mwaka 1997 mwanafalaki David Gray alileta pingamizi: huenda ni nyota yenyewe inayotutumika, na hakuna sayari. Alipopima upya, mwaka 1998, alikiri hadharani kuwa dalili ile haipo na kwamba maelezo ya sayari ndiyo yanayosimama. Mayor na Queloz walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019, na leo sayari za namna hiyo zilizothibitishwa ni zaidi ya 5,000.

Ndugu zangu, hii si ndiyo tabayyun tunayoamrishwa katika Surat Hujurat? Maulamaa wetu wa hadithi walisafiri miezi kuhakikisha mpokezi mmoja. Leo sisi tunapokea ujumbe kwenye simu kwamba sayansi “imethibitisha” hiki au kile cha dini, tunausambaza kabla ya kuusoma hadi mwisho. Ukibainika ni uongo, anayeaibika ni nani? Anayekataa bila kupima na anayekubali bila kupima wamekosa jambo moja.

Mwenyezi Mungu ametutaka tuzingatie uumbaji wa mbingu na ardhi. Kuzingatia ni kazi, haitoshi kusema “Subhanallah” tu. Yule kijana hajauliza tena darsani tangu siku ile. Tukiendelea kuwacheka vijana wetu, watakwenda kuuliza kwingine, na majibu watakayopewa huko hatutayajua.

Wabillahi tawfiq.