Hesabu, Mkazi na Mfanyakazi: Jinsi ya Kusoma Ripoti Tatu za Mradi wa Ruzuku

Mji ukipata ruzuku ya kujenga mtaro, ni nani anayejua kama fedha zilifanya kazi? Mhasibu anajua kiasi kilicholipwa. Mkazi anajua kama maji ya mvua bado yanaingia nyumbani kwake. Mfanyakazi anayesafisha mtaro anajua ni kwa nini. Somo hili linaeleza jinsi bodi ya jiji na Bunge la Kaunti zinavyoweza kutumia taarifa za watu hawa watatu, na jinsi wewe mkazi unavyoweza kuzisoma na kuziulizia maswali.

Wengi wetu bado huita ofisi za mji "kanjo", jina lililobaki kutoka kwa mabaraza ya miji ya zamani. Mabaraza hayo yalikoma serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Leo, Nairobi na Mombasa ni majiji ambayo pia ni kaunti. Kisumu, Nakuru na Eldoret ni majiji yaliyo ndani ya kaunti, nayo huendeshwa kupitia bodi na meneja wa jiji chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011. Manispaa nazo zina bodi zao. Bodi hizi hufanya kazi chini ya serikali ya kaunti, na Bunge la Kaunti huziangalia zote.

Ruzuku ni fedha zipi?

Kila kaunti hupata mgao wake wa mapato ya taifa. Zaidi ya mgao huo, Kifungu cha 202 cha Katiba kinaruhusu kaunti kupewa fedha za ziada kutoka kwa Serikali ya Kitaifa, zikiwa na masharti au bila masharti. Washirika wa maendeleo pia hutoa fedha kwa miradi maalum. Ruzuku yenye masharti ina maana kwamba fedha zimekuja na kazi yake. Fedha za mtaro haziwezi kugeuzwa kuwa fedha za kununua gari la afisa.

Mfano unaojulikana ni mpango wa kuimarisha miji nchini, uitwao KUSP kwa kifupi. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa mpango huo. Awamu yake ya kwanza ilihusu miji 59 katika kaunti 45, bila Nairobi na Mombasa. Fedha za ujenzi zilikusudiwa mambo kama ukusanyaji wa taka, mitaro ya maji ya mvua, barabara na njia za waendao kwa miguu, taa za barabarani, masoko na huduma za zimamoto. Mji ulitakiwa kwanza kutimiza masharti, kama vile kuwa na hati ya manispaa na bodi iliyoteuliwa. Kisha utendakazi wake ulipimwa, na matokeo yakaathiri fedha zilizofuata.

Hapa kuna jambo la kukumbuka. Kwa kaunti, fedha hizo ziliitwa ruzuku. Kwa taifa, zilikuwa mkopo. Mlipa kodi ndiye atakayeulipa, uwe mtaro unapitisha maji au umejaa taka. Ndiyo maana haitoshi kuuliza tu kama fedha zimetumika.

Ni nani huziangalia?

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Katika mzunguko huo kuna milango minne ya uangalizi.

1. Msimamizi wa Bajeti. Chini ya Kifungu cha 228, fedha hazitolewi katika hazina za umma bila idhini yake, naye haidhinishi mpaka aridhike kwamba sheria inaruhusu.

2. Hazina ya Kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka ikusanye ripoti za idara kila robo mwaka na kuziwasilisha kwa Bunge la Kaunti katika muda wa mwezi mmoja baada ya robo kuisha. Ripoti hiyo pia hutakiwa kuchapishwa ili umma uione. Kwa hiyo ripoti ya robo inayoisha tarehe 30 Septemba inapaswa kuwa tayari kufikia mwisho wa Oktoba.

3. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kifungu cha 229 kinampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, yaani hadi mwisho wa Desemba, kukagua na kutoa ripoti. Anatakiwa kuthibitisha kama fedha zilitumika kisheria na kwa njia yenye manufaa.

4. Bunge la Kaunti. Likishapokea ripoti ya ukaguzi lina miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Kifungu cha 195 kinaliruhusu kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi au taarifa.

Milango hii ni muhimu, lakini sehemu kubwa ya kinachopita humo ni karatasi: vocha, mikataba, vyeti vya malipo. Karatasi inaweza kuwa safi na mtaro ukawa hauna faida.

Mfano: mtaro wa mtaa mmoja

Tuchukue mfano wa kubuni. Mji fulani ulipata ruzuku ya shilingi milioni 20 kujenga mtaro wa maji ya mvua. Mwaka mmoja baadaye, ripoti tatu zinafika mezani.

Ripoti ya fedha inasema shilingi milioni 19.6 zimelipwa, yaani asilimia 98, na kazi imekamilika.

Utafiti wa maoni ya wakazi unasema kwamba kati ya nyumba 400 zilizoulizwa, 240 bado huingiwa na maji mvua ikinyesha. Hiyo ni asilimia 60.

Utafiti wa maoni ya wafanyakazi unasema kwamba kati ya watu 24 wa kikosi cha kusafisha mitaro, 18 walijibu kwamba hawana lori la kuondoa tope na taka wanazozoa.

Kikao kikisoma ripoti ya kwanza peke yake, kitafunga faili na kupongezana. Kikisoma ya pili peke yake, huenda kikamlaumu mwanakandarasi au kuomba fedha za mtaro mwingine. Kikisoma ya tatu peke yake, kitaliona lile lori kama ombi la kawaida la idara na kuliahirisha hadi bajeti ijayo. Zikisomwa pamoja, zinaelekeza mahali pamoja: huenda mtaro ulijengwa, lakini tope linazolewa, linaachwa ukingoni, na mvua inalirudisha ndani. Hatua inayofuata ni kwenda kuutazama mtaro wenyewe. Ikithibitika hivyo, kinachohitajika ni fedha za matengenezo. Mara nyingi ruzuku ya ujenzi haigharamii matengenezo ya kila siku, kwa hiyo kaunti hulazimika kuyatengea fedha katika bajeti yake.

Kuwauliza wakazi ipasavyo

Si kila utafiti wa maoni unastahili kuaminiwa. Ukiona takwimu kwamba "asilimia 80 ya wakazi wameridhika", uliza mambo manne.

Waliulizwa nani? Kikao cha umma cha saa nne asubuhi siku ya kazi hakiwafikii mama mboga aliye sokoni wala kijana wa bodaboda. Utafiti mzuri huchagua nyumba kwa utaratibu usiopendelea, kwa mfano kila nyumba ya kumi katika kila mtaa, ikiwemo mitaa ya mabanda.

Walikuwa wangapi? Watu 400 waliochaguliwa bila upendeleo wanaweza kuuwakilisha mji mzima kwa tofauti ya takriban asilimia 5 juu au chini. Lakini ikiwa 80 tu kati yao wanatoka katika wadi yako, tofauti hiyo kwa wadi yako hupanda hadi takriban asilimia 11. Kwa hiyo usikubali wadi mbili zishindanishwe kwa sababu moja imepata 52 na nyingine 57.

Waliulizwa vipi? "Je, umefurahia mtaro mpya uliojengewa na serikali yako?" ni swali linaloomba sifa. "Je, maji ya mvua yaliingia nyumbani kwako katika msimu wa mvua uliopita?" ni swali linaloomba ukweli. Swali liulizwe kwa lugha anayoielewa mkazi.

Waliulizwa lini? Wakazi wakiulizwa kuhusu mafuriko wakati wa kiangazi, majibu yatakuwa mazuri kuliko hali ilivyo. Afadhali waulizwe kabla ya mradi, kisha maswali yaleyale yarudiwe baada ya mradi.

Kuwauliza wafanyakazi bila kuwatia hofu

Mfanyakazi wa kaunti huona mambo ambayo mkaguzi hukuta yameshapita: saruji iliyoletwa pungufu, mashine iliyolala gereji miezi sita, mradi uliopokelewa kabla haujaisha. Lakini ana familia na anataka kuilinda kazi yake. Akipewa hojaji na mkubwa wake, na jina lake limeandikwa juu, atajaza kwamba kila kitu kiko sawa.

Ndiyo maana utafiti wa wafanyakazi una masharti yake. Usikusanywe na msimamizi wa idara inayochunguzwa. Usiulize jina wala nambari ya kazi. Matokeo ya kikundi kidogo sana yasichapishwe peke yake, kwa sababu idara yenye watu wanne haina siri. Taarifa za mtu zilindwe kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tena isemwe wazi tangu mwanzo majibu yatatumika kwa kazi gani.

Pia tazama ni wangapi walijibu. Ikiwa hojaji zilipelekwa kwa wafanyakazi 300 na 60 tu wakarudisha, hatuwezi kusema "wafanyakazi wanasema hivi". Tunaweza kusema waliojibu wanasema hivi, kisha tuulize kwa nini wale 240 walinyamaza. Kunyamaza nako ni jibu, na mara nyingine huonyesha hofu.

Baada ya ripoti, uamuzi

Kosa kubwa kuliko kutouliza ni kuuliza kisha kunyamaza. Mkazi aliyejibu maswali mara mbili bila kuona mabadiliko hatafungua mlango mara ya tatu. Kwa hiyo kila kikao kinachopokea ripoti hizi tatu kinapaswa kuondoka na maandishi yanayojibu maswali manne: tumegundua nini, nani atafanya nini, kwa fedha za fungu gani, na kufikia tarehe gani. Kikao kinachofuata kianzie hapo.

Wewe mkazi una nafasi yako. Kifungu cha 196 kinalitaka Bunge la Kaunti kufanya shughuli zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Sheria ya miji inawapa wakazi vikao vyao vya kujadili huduma, mipango na makadirio ya bajeti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inakupa haki ya kuwasilisha ombi rasmi, na maafisa wana wajibu wa kulijibu. Ukinyimwa ripoti, iombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ofisi ina siku 21 kukujibu. Isipokujibu, unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama Ombudsman.

Zoezi la kikundi

Chama, kikundi cha vijana au kamati ya soko inaweza kufanya zoezi hili kwa saa moja.

1. Chagueni mradi mmoja katika wadi yenu uliojengwa kwa ruzuku. Andikeni ni nani aliyetoa fedha, kiasi gani, na kwa kazi gani.

2. Tafuteni ripoti ya robo mwaka ya karibuni zaidi. Je, mradi huo umetajwa? Kiasi kilicholipwa kinalingana na kazi mnayoiona kwa macho?

3. Andikeni maswali matatu ambayo mngewauliza majirani kuhusu mradi huo. Yasomeni kwa sauti. Je, kuna swali linaloomba sifa badala ya ukweli?

4. Ni mfanyakazi wa kazi gani anayejua zaidi kuhusu mradi huo kila siku? Angewezaje kuulizwa bila kujulikana?

5. Kubalianeni juu ya swali moja tu mtakalolipeleka kwa Mwakilishi Wadi wenu au kwa bodi ya mji, kwa maandishi, mkiomba jibu lenye tarehe. Wekeni nakala, kisha mlirudie katika kikao kijacho cha umma.