Mwanamke Asiyeandikwa katika Daftari la Kliniki

Wasomaji wetu wa Kanda ya Ziwa bila shaka mmewaona vijana wakishuka mabasini katika vijiji vyenu, kalamu mkononi na mafungu ya karatasi kwapani. Ni wanafunzi waliotumwa na vyuo vyao kujifunza kazi ya utafiti. Mwanza haina upungufu wa vijana hao. Kiko Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Malimbe, na kando ya Hospitali ya Bugando kiko chuo kikuu cha tiba kilichoanza mwaka 2003. Huenda mwanao yumo miongoni mwao, au mlango watakaoubisha kesho ni wako. Kwa hiyo twaona vema leo kueleza jinsi utafiti wa namna moja unavyopaswa kufanywa, nao ni ule wa kuchunguza kama wanawake wenye ulemavu wanayafikia matibabu sawasawa na wanawake wengine.

Iko njia rahisi ya kuufanya, na njia hiyo hupoteza. Mwanafunzi huenda kliniki ya wajawazito, huomba daftari, hufunua kurasa za miezi mitatu, kisha huhesabu. Akiona jina la mwanamke mmoja asiyeona na la mwingine atembeaye kwa magongo, huandika kwamba wenye shida ni wachache na kwamba walihudumiwa. Hesabu yake ni sahihi na habari yake ni ya uongo. Daftari la kliniki huandika waliofika. Yule aliyeshindwa kupanda bodaboda, na yule aliyekuja mara moja akachekwa asirudi tena, hawana mstari wao katika daftari lolote. Utafiti wa haki huanzia nyumbani kwa mwanamke huyo na kuifuata njia yake hatua kwa hatua mpaka kitandani mwa zahanati, ukiangalia ni mahali gani njia ilikatika.

Lakini atampataje mtu asiyeandikwa? Hapa mwanafunzi hana budi kujifunza kuuliza. Akiuliza mlangoni, "Je, humu ndani mna mlemavu?" mara nyingi ataambiwa hakuna. Wengine huona haya, wengine huogopa, na wengi hudhani kwamba neno hilo lamhusu tu mtu aliyekatika mguu. Bibi aliyeanza kupoteza macho hajihesabu. Watakwimu waliliona jambo hili zamani. Jopo lao lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, liitwalo Washington Group, lilitunga maswali sita mafupi. Je, unapata shida kuona, hata ukivaa miwani? Kusikia? Kutembea au kupanda ngazi? Kukumbuka au kukaza fikira? Kujihudumia, kama kuoga na kuvaa? Kuwaelewa wengine na kueleweka nao? Anayejibu husema kama hana shida, ana shida kidogo, ana shida kubwa, au hawezi kabisa. Katika maswali yote sita, neno ulemavu halitajwi hata mara moja. Sensa yetu ya mwaka 2022 iliuliza juu ya shida za namna hii, nayo ikaonyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi, wa umri wa miaka 7 na kuendelea, ana ulemavu. Mwanafunzi anayerudi chuoni na mwanamke mmoja katika kijiji kizima ajue kwamba hakuuliza vizuri.

(Juu ya maneno, twaongeza jambo dogo. Zamani magazeti, nasi tumo, yaliandika "vilema" bila kusita. Siku hizi twasema watu wenye ulemavu, na ndivyo inavyofaa. Lakini viziwi wa Tanzania wamekiita chama chao wenyewe Chama cha Viziwi, wala hawaoni aibu. Njia salama ni kumwuliza mtu anavyotaka kuitwa.)

Tuifuate sasa njia yenyewe. Anayekaa bara huenda akafika zahanati kwa miguu au kwa baiskeli ya ndugu yake. Anayekaa kisiwani Ukara mambo yake ni mengine. Kutoka Ukara mtu huvuka kwa kivuko hadi Bugolora, hushika barabara kwenda Nansio iliko hospitali ya wilaya ya Ukerewe, na akipewa rufaa husafiri tena majini mpaka Mwanza. Mtu mwenye miguu mizima huchoka. Mwanamke wa magongo hubebwa mgongoni na wanaume asiowajua, akapandishwa na kushushwa kama gunia la dagaa, na kila anayembeba aweza kudai malipo yake. Nauli yake ni mbili, maana hasafiri peke yake, na siku za kazi zinazopotea nyumbani ni za watu wawili. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Baadaye sehemu ya michango ya rambirambi ilielekezwa kupanua kituo cha afya cha Bwisya, pale pale kisiwani. Tendo hilo lilikuwa la busara, kwa kuwa huduma iliyo karibu humsaidia zaidi yule asiyeweza kusafiri. Upande wa Sengerema nako njia imefupishwa. Tangu Juni 2025 magari hupita juu ya daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, mahali ambapo wagonjwa walikuwa wakingoja kivuko usiku. Mwanafunzi ahesabu mambo haya kwa shilingi na kwa saa. Akiandika tu kwamba "umbali ni tatizo", hajamwambia daktari wala diwani neno jipya.

Tuseme sasa amefika. Watu wengi hudhani shida imekwisha hapo, kumbe hapo ndipo mwanafunzi anapopaswa kufungua macho. Mizani ya wajawazito hutaka mtu asimame. Asiyeweza kusimama hapimwi, na kadi yake hubaki na nafasi tupu mwezi hata mwezi. Choo ni cha kuchuchumaa, naye ametakiwa kuleta mkojo wa kupimwa. Kitanda cha kujifungulia ni kirefu na hakishuki. Tangazo la siku za kliniki limebandikwa ukutani kwa herufi ndogo, na mwenye ualbino, ambaye kwa kawaida macho yake huona kwa shida, halisomi hata akiwa na elimu ya kutosha. Vitu hivi hupimika kwa futi na kwa macho, wala havihitaji fedha nyingi. Fundi seremala wa kijijini aweza kutengeneza ngazi pana yenye mahali pa kushika kwa siku moja.

Liko jambo zito kuliko hayo, nalo ni siri. Mwanamke asiyesikia huja kliniki pamoja na mtu wa kumsemea, kwa kuwa wahudumu wanaojua lugha ya alama ni wachache mno. Msemaji huyo mara nyingi ni mama mkwe, au shemeji, au mtoto wake mwenyewe wa darasa la tano. Basi fikirini, ninyi mlio wazazi: majibu ya kipimo cha damu yanapitia kinywani mwa shemeji, mimba iliyoharibika inaelezwa na mtoto wa miaka 11, na ikiwa aliyemdhulumu mwanamke huyu ndiye aliyemleta, atasema nini, na kwa ishara zipi? Mganga ameandika "mgonjwa amekubali". Aliyekubali ni nani? Twaamini kwamba mwanafunzi atakayelichunguza swali hili moja kwa uangalifu atakuwa amefanya kazi ya maana kuliko mwenye majedwali ishirini.

Yaliyo ya mganga nayo yana sababu zake. Wako kina mama wa Usukuma na visiwani waliopata ugonjwa wa kupooza utotoni, kabla nchi yetu haijamwona mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996. Ugonjwa huo ukimpata msichana angali anakua, nyonga yaweza kukua kombo, na mtoto asipate njia ya kutokea. Mama wa namna hii apaswa kuonwa mapema na kuelekezwa penye upasuaji kabla ya uchungu. Akikosa, uchungu wa siku mbili au tatu humtoboa njia ya mkojo, naye hupata fistula. Zaidi ya hayo, mishipa ya fahamu iliyobanwa muda mrefu yaweza kuulegeza mguu uliokuwa mzima. Hivyo kukosa huduma huzaa ulemavu mwingine juu ya ule wa kwanza, na mwanamke aliyekuwa na sababu moja ya kutofika hospitali sasa anazo tatu. Fistula hutibika kwa upasuaji, na Bugando wanafanya kazi hiyo. Wanaotibiwa ni wale waliofika.

Hali kadhalika wenye ualbino hatari yao kubwa ni saratani ya ngozi, ambayo ikionwa mapema huondolewa. Lakini baada ya mauaji yaliyoanza kusikika Kanda ya Ziwa miaka ya 2006 na 2007, ni nani atakayemlaumu mama anayeogopa kumwachia binti yake safari ya siku mbili peke yake? Hofu hiyo nayo ni kizuizi, iandikwe hivyo.

Namna ya kuongea na mwanamke mwenyewe yataka adabu. Kwanza, utafiti wa afya juu ya watu hauanzi bila kibali cha kamati ya maadili. Aidha fomu ya ridhaa isomwe polepole, kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita ikiwa ndiyo lugha yake, na asiyesikia aletewe mkalimani asiye ndugu yake. Majibu yachukuliwe kwake. Baba au kaka akianza kujibu, kijana amshukuru kwa heshima, kisha arudishe swali kwa mwenye nalo. Na ninyi wenye nyumba, msione mmedharauliwa mkiombwa kutoka nje kidogo. Tena mwanamke akikataa kuhojiwa, amekataa. Asibembelezwe kwa sabuni wala kwa ahadi za kiti cha magurudumu.

Sheria iko upande wake. Nchi yetu iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Mkataba huo wataka matibabu ya ubora ule ule wapatao wengine, yaliyo karibu na wanakoishi, hata vijijini, na kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Hospitali za Kanisa zisijione zimesamehewa hesabu hii. Bugando ilijengwa na maaskofu, ikafunguliwa mwaka 1971, na tangu 1985 wamekabidhiwa tena kuiendesha. Hospitali na zahanati nyingine za majimbo zimeizunguka Kanda nzima. Hao ndio wa kwanza wa kusomewa matokeo.

Tumesikia malalamiko ya wanavijiji kwamba wanafunzi huja, huuliza, huondoka, na kitabu hukaa kabatini chuoni. Malalamiko hayo ni ya haki. Basi twawaomba walimu wa vyuo wasimpe kijana alama zake za mwisho mpaka awe amerudi kijijini, akakaa na wale wanawake waliomjibu, akawasomea alichokiandika, mkalimani wa alama akiwapo, na akawapa nafasi ya kusema, "Hapa hukutuelewa." Mganga wa zahanati naye aalikwe siku hiyo, aje na futi yake ya kupimia kitanda.