Hijazi kwa mkono wa kushoto

Mtu wa mashoto akishika gita hapa Kibiti, neno la kwanza analoambiwa ni "geuza bwana, umelishika vibaya." Nami niliambiwa, nikatii. Miaka miwili nikapiga kwa mkono wa kulia, kwa adabu na vibaya sana. Wewe usinifuate huko.

Gita la mashoto ni nadra madukani, hata ukienda Kariakoo, kwa hiyo utageuza la kawaida. Jimi Hendrix alifanya hivyohivyo: alichukua gita la mkono wa kulia, akalipindua, akapanga nyuzi upya, na mara nyingi akazishusha nusu toni. Chagua gita la nyuzi za nailoni. Kwanza, nailoni haishiki kutu, na anayeishi Nyamisati au visiwa vya delta anajua upepo wa chumvi unavyofanya nyuzi za chuma. Pili, kile kijiti cheupe nyuzi zinapokalia, karibu na zilikofungwa, kwa kawaida kwenye gita la nailoni kimenyooka. Kwenye gita la chuma kimelala mshazari, na ukipindua, mshazari unakuwa kinyume: kadiri unavyopanda shingo, nyuzi nene zinazidi kutoka nje ya sauti.

Kazi yenyewe iko kwenye kijiti cha pili, cha kichwani, chenye mifereji sita. Toa nyuzi zote, kigonge polepole kutoka ubavuni kwa kipande cha mti hadi kiachie, kigeuze, kirudishe kwa tone la gundi. Mimi nilikuwa mvivu nikakiacha kama kilivyo. Uzi mnene ukawa unaning'inia juu ya mfereji mwembamba, na ule mwembamba ukawa unacheza na kuvuma kama nzi chupani.

Sasa zirudishe nyuzi kwa mpangilio uliogeuzwa, kisha uzishushe toni nzima. Badala ya E A D G B E, programu ya kutyuni kwenye simu ikuonyeshe D G C F A D, kuanzia uzi mnene. Nailoni mpya hulegea, kwa hiyo utarudia mara tatu nne jioni ya kwanza. Nyuzi zikipiga freti, nunua zile za mvuto mkubwa. Faida ni mbili: uzi uliolegea unakubali kusukumwa, na nyuzi za pembeni, wa 6 na wa 1, zote zinalia D. Wa chini unaunguruma mfululizo, wa juu unaimba.

Hapo ndipo Hijazi inapoingia, mojawapo ya maqamu, yaani skeli za muziki wa Kiarabu. Vitabu vya gita vya Ulaya huiweka sura ya mwisho, kwenye skeli "za kigeni". Kigeni kwa nani? Waadhini wengi huadhini kwa Hijazi, na taarabu imeishi na maqamu hizi tangu zamani. Kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa cha Unguja kilianza 1905. Sikio lako linaijua, mkono ndio haujui.

Anza na uzi wa 1 peke yake: 0, 1, 4, 5, 7, 8, 10, 12. Hizo ni freti, na namba haina kulia wala kushoto. Michoro ya shingo ndiyo ya kuitazama kwenye kioo. Utamu wote uko kati ya 1 na 4. Kidole cha shahada kwenye 1, cha pete kwenye 4, cha mwisho kwenye 5. Kitalalamika. Usikubali kukanyaga 3 kwa sababu ya uvivu wa kidole, maana Hijazi inakufa hapohapo. Gumba la kushoto ligonge uzi wa 6 taratibu muda wote, na usiongeze mwendo mpaka ule mruko utoke bila kutafutwa. Wiki nzima si nyingi.

Maqamu ya Bayati ni ngumu zaidi, kwa sababu noti yake ya pili iko katikati ya freti mbili. Udi hauna freti, hivyo mpiga udi anaipata bila taabu, sisi tunaisukuma. Hamia uzi wa 5. D iko freti ya 7. Bonyeza ya 8, kisha usukume uzi kuelekea sakafuni mpaka upande robo toni tu, halafu 10 na 12. Kusukuma kuelekea sakafuni kunauacha uzi wa 6 uendelee kuunguruma bila kuguswa. Ukizidisha, utaangukia freti ya 9 na utasikika kama mtu anayefanya mazoezi ya shule.

Ukidhani umeiva, nenda jioni kwa mzee anayesoma maulidi mtaani kwenu. Mwamkie, kaa chini, piga Hijazi bila kumweleza ni kitu gani. Akianza kuguna na wewe kwa chini, endelea. Akikaa kimya, angalia freti ya 4.