Gulio la uani: faida na hasara zake

Ndugu wanafunzi, muhula umeisha, tiketi ya nyumbani iko mkononi. Ile meza na lile sofa vinakwenda wapi? Wengi tunatupa. Wenyeji wanaviuza uani, wanaita yadi seli. Ni mitumba tu, ila safari hii muuzaji ni wewe.

Kwanza, siku. Jumamosi asubuhi ndiyo nzuri. Louisville, epuka Jumamosi ya kwanza ya Mei: ni Kentucky Derby, watu wote wako kwenye farasi. Buffalo, subiri theluji iishe kabisa. Mlioko Columbus, uliza manispaa na mwenye nyumba kabla ya kubandika matangazo, maana kila mji una sheria zake.

Pili, bei. Andika bei kwenye kila kitu, weka chenji ya dola moja moja. Unataka 10? Anza na 15. Kariakoo ilishatufundisha!

Faida: ukiuza kitu chako chini ya bei uliyonunulia, hakuna kodi ya mapato. Lakini kununua ili uuze tena ni biashara. Mwenye visa ya F-1 aulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Hasara: mvua, wadokozi, na siku nzima bila kusoma. Kubwa zaidi, usalama. Vitanda vya watoto vyenye ubavu unaoshuka vilipigwa marufuku Marekani mwaka 2011, kwani watoto walinasa wakafa. Kuviuza hata uani ni kosa. Umeachiwa kimoja? Kivunje. Dola 20 hazilingani na mtoto wa mwenzio.