Mstari Mmoja Chini ya Picha

Somo juu ya vijana wa darasa la mwisho



Mwezi huu twataka kuwatazama vijana wa darasa la mwisho katika shule za sekondari za Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Labda mtu atauliza: Vijana wa mbali hivyo, tena wa zamani, watatufaa nini? Twajibu: Watatufaa sana. Shule zile ziliacha vitabu vinavyoonyesha jinsi vijana walivyopimana tabia. Nasi pia, tulio wazazi, walimu na wazee, twapima tabia za vijana kila siku. Kila tuandikapo barua ya sifa kwa ajili ya kijana atafutaye nafasi ya shule au kazi, twashika mikononi mwetu sehemu ya maisha yake. Basi na tuone wenzetu walipofanya vema na walipokosa.

1. Walikuwa vijana gani?

Siku zile kumaliza sekondari halikuwa jambo la watu wote. Mwaka 1900, kwa kila vijana 100 wa Marekani wenye umri wa miaka 17, waliomaliza walikuwa kama 6 tu. Mwaka 1920 walifika 17 hivi, na mwaka 1940 walipita 50. Tena yafaa tujue kwamba wasichana walikuwa wengi kuliko wavulana: katika waliomaliza mwaka 1900, kila watu 10 walikuwamo wasichana 6. Sababu yake haikuwa ngumu. Mvulana aliitwa mapema shambani, dukani na kiwandani, akaacha kitabu ili alete mshahara nyumbani.

Vijana weusi walikuwa na shida iliyozidi. Katika majimbo ya kusini walitengwa kwa sheria, na miji mingi haikuwa na shule ya sekondari ya kuwapokea hata moja. Hata hivyo zilikuwako shule zao zilizosifika, kama Dunbar katika mji wa Washington, ambayo chanzo chake ni shule iliyofunguliwa mwaka 1870. Walimu wengi wa hapo walikuwa na elimu ya juu kabisa, kwa kuwa vyuo vikuu vya wazungu havikutaka kuwaajiri.

2. Kitabu cha mwaka

Darasa la mwisho lilipokaribia kuagana, wanafunzi wenyewe walitengeneza kitabu. Walichagua mhariri na wasaidizi wake, wakamchagua na mtunza fedha, ambaye alizunguka kwa wenye maduka ya mji akiwaomba walipie matangazo, ili gharama ya kupiga chapa ipatikane. Maana siku hizo ufundi wa kuchapa picha ulikuwa umekwisha kupungua bei, hata shule ya mji mdogo iliweza kuwa na kitabu chenye picha za wanafunzi wake.

Ndani yake kila mwanafunzi alikuwa na mahali pake. Kwanza picha: mvulana amefunga tai, msichana amevaa blauzi nyeupe na nywele zimepangwa vizuri. Chini ya picha jina lake, na mara nyingi jina la utani. Kisha orodha ya kazi alizoshiriki, pamoja na tarakimu za kuonyesha ni katika mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu au wa nne. Mwisho mstari mmoja au miwili ya kueleza tabia yake: huyu ni mcheshi, huyu ni mkimya, huyu hachelewi kula bali huchelewa darasani. Baada ya picha zilifuata historia ya darasa, shairi la darasa, wasia wa mzaha ambao kwao waliwaachia wadogo wao urithi wa madawati na makosa, na unabii wa darasa, yaani habari ya kubuni ya mambo yatakayompata kila mmoja baadaye.

3. Kazi za nje ya masomo

Orodha zile zatuonyesha kwamba shule haikuwa vitabu tu. Kulikuwa na vyama vya mjadala, kwaya, kundi la wapiga muziki, chama cha Kilatini, gazeti la shule, na mchezo wa kuigiza wa darasa la mwisho. Kulikuwa na mbio, futiboli ya Kimarekani, na mpira wa kikapu, ambao ulianzishwa mwaka 1891 na mwalimu James Naismith katika mji wa Springfield, Massachusetts. Mwaka uliofuata wasichana nao wakaanza kuucheza.

Wakubwa wa elimu waliona kwamba katika kazi hizo kijana hufundishwa mambo asiyoyapata ubaoni: kuongoza bila kujivuna, kushindwa bila kununa, kutunza fedha ya wenzake. Mwaka 1918 kamati ya elimu ilitoa taarifa iliyotaja makusudi saba ya shule ya sekondari, na miongoni mwake ni afya, uraia mwema, matumizi mema ya wakati wa mapumziko, na tabia njema. Tena mwaka 1921 kikaanzishwa chama cha taifa cha kuwaheshimu wanafunzi bora, nacho kiliwapima kwa mambo manne: masomo, uongozi, utumishi na tabia. Hapo walifanya vema, maana hawakutosheka na alama za mtihani.

4. Mstari haumtoshi mtu

Lakini sasa na tuutazame ule mstari wa chini ya picha. Je, ulisema kweli? Mara nyingi ulisema kweli, ila kweli ya siku moja.

Katika siku za Vita Kuu ya kwanza alimaliza masomo katika shule ya Hyde Park, mjini Chicago, msichana aitwaye Amelia Earhart. Jamaa yake walikuwa wamehama mji kwa mji, kwa maana baba yake alishikwa na ulevi akapoteza kazi. Kwa hiyo msichana alifika shuleni akiwa mgeni, wala hakupata rafiki wengi. Wenzake walimwandika kwa rangi ya nguo zake na kwa desturi yake ya kutembea peke yake. Basi, ni hayo tu waliyoyaona. Mwaka 1932 mwanamke huyo aliruka na ndege peke yake kuvuka Bahari ya Atlantiki, wala hapakuwa na mwanamke aliyefanya hivyo kabla yake. Alipotea katika Bahari ya Pasifiki mwezi wa Julai mwaka 1937, akizunguka dunia, baada ya kulivuka bara letu toka Senegal mpaka Bahari ya Shamu. Ule upweke walioudhania kuwa upungufu ulikuwa pia nguvu.

Katika ile shule ya Dunbar, Charles Drew alimaliza mwaka 1922. Alijulikana kwa miguu na mikono yake: mwogeleaji, mkimbiaji, mchezaji wa futiboli na wa mpira wa kikapu. Mtu angalisema, huyu ni wa viwanjani tu. Lakini akawa daktari, akachunguza jinsi ya kuhifadhi damu ya binadamu. Na mwaka 1940 akasimamia kazi ya kupeleka Uingereza maji ya damu ili majeruhi wa vita wapone.

Yuko na wa tatu, Langston Hughes. Alipokuwa mtoto katika shule ya chini ya mji wa Lincoln, Illinois, wenzake wazungu walimchagua kuwa mshairi wa darasa. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuwa ameandika hata ubeti mmoja; walimchagua kwa kuwa waliamini kila mtu mweusi amezaliwa na mahadhi ya ngoma. Lilikuwa wazo la upuuzi. Lakini mtoto alikwenda nyumbani akaandika shairi. Alipofika shule ya Central mjini Cleveland, aliandika mashairi katika gazeti la shule, akakimbia mbio, na katika mwaka wake wa mwisho, 1920, akawa mhariri wa kitabu cha mwaka. Mwaka 1921 shairi lake likachapwa katika gazeti la The Crisis, na tangu hapo jina lake likaenea. Hapa twaona neno lingine: lile tumwitalo kijana laweza kumwamsha. Kama jina la bahati lilimwamsha huyu, jina baya limewalaza wangapi?

5. Wenye orodha fupi

Katika vitabu vile, mwenye orodha ndefu huonekana shujaa. Mwenye jina na picha tu huonekana mtu asiye na bidii. Hapo pana hatari kubwa. Maana mazoezi ya mpira na ya kwaya hufanywa baada ya masomo. Na kengele ya mwisho ilipolia, wako waliokwenda kukamua ng'ombe, kuuza magazeti njiani, au kulea wadogo zao. Kazi hizo hazikuandikwa popote. Kitabu hakikuwa na nafasi ya kusema: Huyu amewalisha ndugu zake kwa miaka minne.

Robert na Helen Lynd, walioukagua mji wa Muncie, Indiana, katika miaka ya 1924 na 1925, waliandika kwamba mpira wa kikapu wa shule uliushika mji mzima, na mchezaji hodari alipata heshima kuliko mwenye akili za masomo. Tena waliona mavazi yamekuwa mzigo, hata baadhi ya watoto wa wafanya kazi waliacha shule kwa kuona haya mbele ya wenzao. Walikosa nguo, wala hawakukosa akili.

6. Unabii wa vijana

Tumetaja unabii wa darasa. Mwaka 1917, katika shule ya Oak Park karibu na Chicago, aliyeuandika ni kijana Ernest Hemingway, mhariri wa gazeti la shule na mchezaji wa futiboli. Marekani ilikuwa imekwisha kuingia vitani mwezi wa Aprili mwaka ule ule. Mwezi wa Julai mwaka 1918 nabii mwenyewe alikuwa amelala hospitali huko Italia, amejeruhiwa na kombora alipokuwa akiwahudumia askari. Na katika majira ya kupukutika majani mwaka huo homa kuu ya mafua ilifunga shule nyingi, ikawaua vijana kwa wazee. Hayajui mtu mambo ya kesho. Asiyejua kesho yake mwenyewe atajuaje ya mwenziwe?

7. Neno letu

Sisi tunaoandika haya tuna deni. Zamani tulikuwa na mwanafunzi aliyesinzia darasani kila asubuhi. Tulipotakiwa kuandika habari zake kwa shule ya mbele, tuliandika neno moja: Mvivu. Hakupokewa. Baada ya miezi mingi tukapita kwao, tukamkuta mama yake amelala kitandani, naye kijana ndiye aliyekuwa akimgeuza na kumnywesha maji usiku kucha. Tulirudi nyumbani kimya. Barua ile ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake, wala hatukuweza kuirudisha.

Kwa hiyo twawasihi, ndugu walimu na wazazi. Usimwandike kijana kabla hujafika kwao. Usihesabu kazi zake za shuleni tu, uliza na za nyumbani. Ukiona kosa, liandike kama kosa la siku zake, wala usilifanye kuwa jina lake. Samaki hukunjwa angali mbichi, ndiyo. Lakini akunjaye kwa haraka huvunja. Tena ukiona wema mdogo, utaje waziwazi, maana kijana hulitafuta neno jema kama mche utafutavyo jua.

Maswali ya kuzungumza

1. Je, katika darasa lako yuko kijana ambaye wote humtaja kwa neno moja? Ni neno gani, na nani alilianzisha?
2. Baada ya masomo vijana wako huenda wapi? Umepata kuwauliza?
3. Kama wewe ungeandikiwa mstari mmoja ulipokuwa na miaka 18, ungesema nini? Je, mstari huo ungali kweli leo?
4. Iko barua uliyoiandika ambayo ungependa kuiandika upya? Kama kijana yule yu hai, bado una nafasi ya kwenda kumtafuta.