Gemu Inapopoteza Utamu: Tumekomaa au Tumechoka?



Somo letu linatokana na swali ambalo vijana wakubwa wa huku Butimba huuliza nusu kwa utani, nusu kwa dhati. Mtu amekulia kwenye mabanda ya gemu. Alipokuwa na miaka kumi na minne aliweza kubana nauli na kutembea kwa miguu kutoka Mkuyuni ili apate mechi mbili za mpira kwenye PlayStation. Leo anakaribia miaka thelathini, ana kazi, ana simu nzuri, lakini akifungua gemu mpya anaifunga baada ya dakika kumi. Wadogo zake wakimwita, "Kaka, njoo tucheze moja," anajibu, "Chezeni tu, mimi nimeshazeeka." Baadaye, akiwa peke yake, anajiuliza: je, huku ni kukomaa, au kuna kitu kimezimika ndani yangu?

Swali hili tusilidharau. Hamu ya mtu inakoelekea ndiko maisha yake yanakoelekea. Tutalitazama kwa hatua nne.

1. Gemu zenyewe zimebadilika

Tuanze kwa kutenda haki. Anayeacha gemu huenda hajabadilika yeye. Huenda kilichobadilika ni gemu. PlayStation 2, iliyojaza mabanda ya mitaani kwetu, ilitoka mwaka 2000 na ikaendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa 2013. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani kote. Gemu yake nzima ilikaa kwenye diski moja. Ulilipia mechi, ukakaa kwenye benchi, ukashika pedi. Ukifungwa, unampisha mwenye zamu. Kabla ya hapo kulikuwa na gemu ya nyoka kwenye simu za Nokia, iliyoanza mwaka 1997, ambayo hata bibi aliweza kujifunza kwa dakika moja.

Gemu kubwa za leo nyingi huzidi gigabaiti 50, na baadhi hupita 100. Kuipakua tu ni kumaliza bando, na kabla hujaizoea inadai kupakuliwa upya. Pro Evolution Soccer, ambayo wengi waliijua kwa jina la Winning Eleven, mwaka 2021 iligeuzwa kuwa eFootball: inapakuliwa bure, lakini ndani yake kuna vitu vya kununua. Upande wa FIFA, mwaka 2009 ulianza mtindo wa Ultimate Team, ambapo mchezaji anaweza kununua pakiti za kadi bila kujua atapata mwanasoka gani. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba kuuza masanduku ya bahati ya namna hiyo ndani ya gemu ni kamari kwa mujibu wa sheria ya nchi hiyo.

Zaidi ya fedha, gemu hizi zinadai ratiba. Kuna kazi za kila siku, kuna misimu, kuna zawadi kwa anayeingia bila kukosa. Mtu mzima anatoka kazini na kukuta kazi nyingine inamngoja kwenye kioo. Akichoka, hapaswi kulaumiwa. Akili yake imetambua kwamba alikuja kucheza, akageuzwa mteja.

Tena benchi limeondoka. Zamani ulicheza na jirani, ukamtania, ukasikia kelele za waliosimama nyuma yako. Leo unacheza na mtu usiyemjua aliye nchi nyingine. Wengi wanaosema wamepoteza hamu ya gemu, ukiwasikiliza vizuri, wanalililia benchi lile.

2. Mchezo katika maisha ya Mkristo

Wapo wanaodhani Kanisa linauvumilia mchezo kwa watoto tu, na kwamba mtu mzima akiendelea kucheza amepungukiwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino hafundishi hivyo. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anaeleza kwamba roho ya mtu huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko lake ni furaha, ikiwemo furaha ya mchezo. Anasimulia kisa kilichohifadhiwa na Yohane Kasiano: Mtakatifu Yohane Mwinjili alimwonyesha mtu kwamba upinde ukivutwa muda wote bila kulegezwa utavunjika, ndivyo ilivyo na akili.

Tomaso anaweka masharti matatu. Mchezo usiwe mchafu wala wa kuumiza. Usiivuruge kabisa nafsi mpaka mtu akapoteza kiasi. Tena ulingane na mtu, wakati na mahali. Kisha anaongeza jambo linalowashangaza wengi: kuzidisha mchezo ni kosa, na kuukosa kabisa ni kosa pia, ingawa dogo zaidi, kwa sababu asiyeweza kufurahi anakuwa mzigo kwa wenzake. Kwa hiyo kusema "mimi sichezi tena" si sifa yenyewe.

Wazee wetu wa kanda ya ziwa wanalijua hili. Bao linachezwa na watu wazima wenye heshima zao. Mwalimu Nyerere mwenyewe alilipenda. Huko Bujora, Kisesa, ambako Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alianzisha makumbusho ya Wasukuma, sikukuu ya Bulabo hufuatana na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na washindani ni watu wazima. Wanacheza mbele ya watu na pamoja na watu, na sikukuu ikiisha wanarudi mashambani. Huo ndio mchezo wenye mahali pake.

3. Njia tatu za kupoteza hamu

Kwa nje watu watatu wanaweza kuonekana sawa: wote hawagusi tena gemu. Kwa ndani hali zao zinatofautiana sana.

Wa kwanza, hamu yake imekua. Ameanza kupenda vitu vikubwa zaidi: mke na watoto, ufundi wake, kwaya, masomo, sala. Gemu hakuifukuza, imepungua yenyewe, kama nguo ya utoto isiyomtosha. Hana hasira na wanaocheza. Mdogo wake akimwomba mechi moja atacheza, atafungwa, atacheka, ataondoka.

Wa pili, hamu yake imehama. Ameacha pedi akashika mkeka. Hapa tuseme wazi, maana ndipo vijana wetu wanapoangamia. Aliyezoea msisimko wa ushindi kila baada ya dakika kumi huona gemu haina ladha kwa sababu haina fedha ndani yake. Anaanza kubeti kwa shilingi mia tano, kisha kwa kodi ya chumba. Anasema amekua, kwani sasa "anatafuta hela". Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya bahati nasibu si dhambi yenyewe, bali huwa haikubaliki inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea. Tena inaonya kwamba uraibu wake unaweza kuwa utumwa. Mtu huyu alikuwa salama zaidi kwenye benchi la gemu.

Wa tatu, hamu yake imezimika. Gemu haimvutii, lakini hata mpira haumvutii, wala marafiki, chakula, Misa. Mababa wa jangwani waliita hali moja ya namna hii akedia, uvivu wa kiroho. Evagrio wa Ponto, mmonaki aliyefariki Misri mwaka 399, aliieleza kama pepo wa adhuhuri anayemfanya mmonaki aone jua limesimama na siku haiishi. Akedia huponywa kwa uvumilivu, ratiba, sala fupi za mara kwa mara na kazi ya mikono.

Lakini tusiite kila giza dhambi. Kupoteza raha katika karibu kila kitu, kutwa nzima, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, ni moja ya dalili kuu za sonona, na sonona ni ugonjwa. Mwenye hali hiyo asiambiwe tu asali zaidi. Asindikizwe kwa daktari. Hapa Mwanza tunayo Hospitali ya Bugando. Padre na daktari hawashindani.

Upande wa pili pia upo. Tangu mwaka 2022, katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, umo uraibu wa gemu: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mambo mengine yote, naye anaendelea ingawa anaona madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Aliyetoka katika hali hiyo na sasa haoni raha ya gemu ana sababu ya kumshukuru Mungu.

4. Namna ya kupambanua

Wengi hukimbilia maneno ya Mtakatifu Paulo katika 1 Wakorintho 13:11, anaposema kwamba alipokuwa mtu mzima aliyaacha mambo ya kitoto. Tusome sura nzima. Sura hiyo yote inahusu upendo. Paulo hajisifu kwa kuacha vitu fulani. Anaonyesha kwamba tunachokijua sasa ni nusunusu, na kwamba upendo ndio unaobaki. Hivyo kipimo cha ukomavu ni kuuliza: muda niliouokoa umeenda kumpenda nani?

Mtakatifu Inyasi wa Loyola anatupa kipimo cha pili. Mwaka 1521 alijeruhiwa vitani Pamplona. Akiwa kitandani aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa wa farasi, lakini nyumbani mlikuwa na maisha ya Kristo na ya watakatifu tu. Aliendelea kuota ndoto za ushujaa na mapenzi, nazo zilimfurahisha. Ila zikiisha zilimwacha mkavu. Alipowaza kuwaiga watakatifu, furaha ilibaki hata baada ya mawazo kupita. Hapo alijifunza kutazama ladha inayobaki. Nasi tufanye hivyo: baada ya gemu, baada ya mkeka, baada ya saa nzima ya kupekua simu, ndani kunabaki nini?

Kipimo cha tatu ni kiasi. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda gemu na alikuwa na PlayStation. Alijiwekea saa moja kwa wiki. Hakungoja hamu iishe ndipo awe huru. Alikuwa huru hamu ikiwa bado ipo.

Kwa mafrateri na waseminari: mnapokuwa likizo, msijipime kwa kujilinganisha na vijana wa mtaani mkaona mmewazidi kwa sababu gemu haziwavutii. Mwelezeni mlezi wa kiroho ni nini kinawavutia sasa. Padre asiyejua kufurahi na vijana wake atawahubiria akiwa mbali nao.

Kwa wazazi: mtoto akiacha gemu ghafla, msishangilie kabla ya kuuliza amehamia wapi. Kwa viongozi wa VIWAWA na Jumuiya Ndogo Ndogo: rudisheni benchi. Bao, draft, mpira wa Jumamosi, hata televisheni moja ya gemu ukumbini kwa saa maalumu. Mahali ambapo kaka mkubwa anakaa na wadogo zake na kuwajua kwa majina.

Maswali ya kutafakari na kujadili

1. Ni jambo gani nililolipenda miaka kumi iliyopita halinivutii tena? Limekua, limehama, au limezimika?
2. Muda wangu wa jioni sasa unamnufaisha nani nje ya mimi mwenyewe?
3. Je, katika jumuiya yetu yupo aliyepoteza raha ya kila kitu, nasi tukamwita mvivu? Nani atamtembelea wiki hii?
4. Parokia yetu imewapa vijana mahali gani pa kucheza pamoja bila fedha kuwekwa rehani?

Tumwombe Roho Mtakatifu atufundishe kuzisoma hamu zetu, zile zinazochipua na zile zinazonyauka, ili tunapoacha cha zamani tuwe tumeshika kilicho bora zaidi. Amina.